Utomvu wa Siku ya Nne

Naandika haya kwa mama yeyote mwenye mtoto mwenye kidonda. Nimeishia darasa la saba, lakini hili nalijua.

Mwaka 1997, watu wa Kongo waliokimbia vita walipokuwa wakishuka kwa boti ufukweni Kibirizi kila siku, tulimpokea mwanamke mmoja, Dunia, nyumbani kwetu Bangwe. Alikuja na furushi moja tu. Alinikuta nahangaika na nyama jikoni.

"Mama Vere, huyu si mbuzi, ni babu yake mbuzi," akasema. Akakwaruza papai bichi, akaipaka nyama ule utomvu mweupe, akaiacha kidogo ndipo tukainjika. Ililainika mpaka mume wangu Pastory akauliza nimenunua bucha gani.

Binti yangu Verediana, miaka sita, alikuwa na kidonda juu ya kisigino, kimeota utando wa njano, kinanuka. Dunia akasema kwao hupaka utomvu uleule, unakula kilichooza.

"Lakini siku tatu tu. Ukiona nyama nyekundu, acha. Ule hauchagui kibovu na kizima."

Siku ya tatu kidonda kilikuwa chekundu, kisafi. Dunia siku hizo alikuwa akishinda Kibirizi akitafuta nduguze. Nikawaza, kama siku tatu zimefanya hivi, wiki itamaliza kabisa. Nikapaka ya nne, nikapaka ya tano. Vere akawa anasema, "Mama, kinanitafuna." Nikamwambia dawa nzuri lazima iume.

Siku ya sita nilifungua kitambaa kikaja na damu, na ndani nikaona mshipa mweupe unang'aa kama wa mguu wa kuku.

Hospitali, daktari Bonifasi aliangalia, akaninusa mikono. "Mama, ulikuwa unampika mtoto?"

Akanieleza. Mwilini mwetu mna vimeng'enya, vitu vidogo vya kukata nyama. Kidonda kikioza vinatoka vingi, vinakata kilichokufa, halafu mwili wenyewe unavizuia. Visipozuiwa vinakata na kizima, na magonjwa mengi yanaanzia hapo. Utomvu wa papai nao una vya kwake, na vya papai mwili wa mtoto haukuweza kuvizuia.

"Mguu huu huenda tukaukata," akasema. "Nani alikwambia upake siku zote hizo?"

Benchi la kungojea daktari lilikuwa limejaa majirani, wanasikia. Nikasema, "Yule mkimbizi."

Nilipofika nyumbani habari zilikuwa zimenitangulia. Wanawake wamesimama uani, wanasema mchawi, anakula watoto. Dunia ameshafunga furushi. Nilingoja aseme kweli mbele yao. Aliniuliza tu, "Mguu wake je?"

"Hawajajua."

Akaenda kupanda lori la kambini. Sikumwona tena.

Mguu haukukatwa, ila Vere anachechemea. Sasa ni mtu mzima, ana nyumba yake mtaa wa Buzebazeba, na mimi bado nasikia mtoto akisema kinanitafuna, mchana kweupe, chumbani ambamo hakuna mtu. Nikienda kutazama nakuta kitanda kimetandikwa.

Jumanne hii Vere alikuja na mwanawe aliyeungua mguu kwa uji. "Mama, wananiambia nipake papai. Nami naogopa, vile yule mkimbizi alivyonitia sumu."

Nikamweleza yote, ya nne, ya tano, na nilichosema pale kwenye benchi. Alimbeba mtoto akampeleka hospitali, na mpaka leo Jumamosi hajapita hapa.