Miti Iliyokonda

Kazini walimwita Msichana wa Takwimu ingawa alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Asubuhi ile aliisoma fomu ya kiwanja cha kumi na tisa mara tatu. Miti kumi na minne ilikuwa imepungua unene tangu ipimwe miaka mitano nyuma. Mti hukua, hufa au hukatwa. Haukondi.

Kazi yake ilikuwa kuchukua unene wa shina, urefu na aina ya mti, kisha kukadiria uzito wake mkavu. Karibu nusu ya uzito huo ndiyo kaboni. Shina likikosewa kidogo tu, hesabu ya msitu mzima inakwenda mrama. Na fomu ile ilikuwa na saini ya shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, mpimaji wa miaka ishirini.

"Huyu anajazia fomu nyumbani," alisema mkuu wa kitengo.

"Sijasema hivyo."

"Lakini umeniletea."

Na kweli, hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake.

Jumapili alikwenda kwa dada yake. Shemeji alikuwa amenyoosha mguu juu ya stuli. Alipomwona akaushusha haraka, uso ukamkunjamana.

"Msitu unaendeleaje, shemeji?"

"Upo. Haujahama," akajibu, akacheka peke yake, tena kwa muda mrefu kuliko utani wenyewe.

Dada alimtazama juu ya bilauri za chai. "Umekuja kutusalimia au kutukagua?"

"Nimeuliza tu."

"Basi kunywa chai."

Alikunywa. Nyumba ile alikuwa akiingia bila hodi tangu dada aolewe. Siku hiyo kila alipofungua mdomo, mume na mke walitupiana jicho.

Alhamisi alifuatana na mlinzi wa msitu bila kutoa taarifa. Chini ya mteremko walimkuta shemeji ameketi juu ya gogo, ubao wa fomu magotini, kalamu mkononi. Hakukuwa na mti wa kupima karibu naye. Ameshikwa, aliwaza, na moyo ukamshuka badala ya kupoa.

Ndipo sauti ikatoka juu ya mteremko, kati ya miti. "Namba thelathini na mbili. Sitini na moja nukta nne."

Shemeji akaandika. Kisha akainua macho, akamwona Msichana wa Takwimu, kalamu ikasimama.

Dada aliteremka na utepe shingoni, buti zimejaa tope. "Goti lake limekufa tangu mvua za mwaka jana," alisema kabla hajaulizwa. "Wangemwachisha kazi. Kila mti nimeugusa kwa mkono wangu."

"Unapimia wapi?"

"Kifuani. Si ndivyo mnavyosema?"

Msichana wa Takwimu alichukua fimbo ya mlinzi, akaitia alama kwa utepe kwenye mita moja na sentimita thelathini, kimo cha kanuni, akaisimamisha kando ya dada yake. Alama ilifika chini kabisa ya kifua chake, chini ya pale alipokuwa akizungushia utepe. Dada alimzidi mumewe kichwa kizima. Utani wa harusi yao ulikuwa huo. Na miti mingi ya pale ilikuwa mipana chini, ikipungua kila unapopanda.

Shemeji aliitazama fimbo kwa aibu. "Kifua changu kiko hapo hapo," alisema. "Sikuwahi kuhitaji fimbo. Wala sikukumbuka kumwambia."

Ilibidi Msichana wa Takwimu aripoti yote. Viwanja tisa alivyopima dada vikapimwa upya kwa wiki tatu, na miti ikaonekana imekua kama kawaida. Mkuu alimhamishia shemeji kwenye chumba cha kukaushia sampuli za mbao, na onyo la maandishi juu yake. Dada naye, alisema, aombe kazi msimu ujao, kama mtu mwingine yeyote.

Alimfuata dada yake nyumbani kumpa habari. Safari hii alibisha hodi.

"Ungeniuliza mimi kwanza," dada alisema mlangoni.

"Ungenijibu?"

Dada alifikiri kidogo. "Hapana," akasema, akampisha aingie.