Kiti cha Trekta Jipya

Mzee Wima alipewa jina hilo kwa sababu alilima akiwa amesimama. Kiti cha trekta lake la zamani kilichanika miaka mingi iliyopita, springi ikachomoza, na mtu mwenye akili zake hangoji kuchomwa mara mbili. Basi akazoea: mkono mmoja kwenye usukani, uso nyuma anatazama plau. Mistari yake ilinyooka hadi watu wakaja kuitazama.

Sasa binti yake akaliuza lile kuukuu, akaleta jipya, jekundu, linang'aa hadi kuku wakaliogopa.

"Baba, likikushinda niambie tu," akasema. "Nitaajiri dereva, wewe upumzike barazani."

Apumzike! Wenzake waliopumzishwa barazani aliwajua. Kazi yao ilikuwa kuulizwa kama wameshakula.

Akapanda, akawasha, akaingia shambani. Likaenda vizuri, tusiseme uongo. Akainuka aone plau. Zii, likazima. Akaketi, akawasha, akainuka. Zii tena. Alilitukana matusi ambayo hata lile la zamani halikuwahi kuyasikia, nalo lilikuwa limesikia mengi.

Binti akapanda, akalizungusha shamba zima bila kuzimika. "Halikupendi tu, baba," akasema akicheka, lakini ilionekana wazi dereva ameshaanza kutafutwa kichwani mwake. Mzee Wima aliumia, tena aliumia kweli.

Aliyegundua ni mkewe, aliyekuwa akichagua mbegu za maharage kivulini. "Baba watoto, kila ukiinua makalio linazima."

"Trekta linajuaje habari za makalio yangu?"

"Kuna swichi chini ya kiti," binti akakumbuka. "Dereva akianguka, injini inazima yenyewe."

Haya, angalau ugonjwa umejulikana. Mzee akanyanyua gunia la mbegu la mkewe, akalikalisha kitini kama mgeni wa heshima, yeye akasimama pembeni. Trekta likanguruma bila kinyongo. Akalima nusu ya shamba anapiga mluzi.

Mkewe akamngoja kwenye kona, mikono kiunoni. "Nirudishie mbegu zangu."

"Jioni, mama watoto. Kwani mimi nimewahi kuanguka?"

"Wewe hujaanguka. Lakini mimi je? Lile la zamani likinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, nadhani umeanguka, naacha kila kitu, nakimbia huku roho mkononi. Nakukuta unakojoa kichakani. Nimeshakuwa mjane mara nyingi sana kwa trekta lile, baba watoto. Nimechoka."

Binti akainama, akajifanya anakagua tairi. Miaka yote hiyo Mzee Wima alidhani mkewe anakuja kumletea maji. Akalishusha gunia, akalibeba mwenyewe hadi kivulini, kisha akarudi akaketi.

Dereva hakuajiriwa. Msimu ule mistari ilipinda kidogo, na majirani hawakukaa kimya. Lakini mazoea yana taabu: mara kwa mara mzee anajisahau, anainuka, na trekta linazima, shamba lote linanyamaza. Hapo hata ufunguo haugusi kwanza. Anageukia nyumbani na kupaza sauti, "Mama watoto, niko mzima."