Msonobari wa Aulis

Daktari hakumung'unya maneno. Alimwambia Aulis kwamba theluji ikishayeyuka, macho yake yatatofautisha mwanga na giza tu, basi. Tangu siku hiyo mzee hakuwa na wimbo mwingine. Alitaka picha moja ya mwisho ya msonobari wa kileleni, ule unaosimama peke yake, ukiwa umevikwa theluji hadi matawi hayaonekani.

Mti huo ulikuwa wake kwa ubabe tu. Kila majira ya baridi alifika wa kwanza, akapiga picha yake, kisha akaucharaza kwa fimbo yake ya kutelezea kwenye theluji mpaka theluji yote ikaporomoka, ili atakayemfuata akute matawi meusi. Wapiga picha wenzake walimsema vibaya wakinywa kahawa, halafu wakaenda kufanya vivyo hivyo kwenye miti mingine. Ndio ustaarabu wao.

Mkewe Vieno, aliyembebea mikoba na chupa ya kahawa tangu ujana, aliwahi kujinunulia kamera yake mwenyewe. Alimwomba mumewe amwachie mti kidogo tu. Aulis aliupukutisha huku anamtazama usoni.

"Mti mmoja, picha moja," alisema. "Wewe mimina kahawa."

Vieno alimimina. Alimchukia siku hiyo, na hakuacha kumchukia, ila alikuwa na adabu na supu ya samaki haikukosekana mezani.

Sasa alimwongoza kupanda kilima, Aulis ameshika mkanda wa koti lake. Karibu na kilele mzee aliishiwa pumzi. Vieno akamtandikia ngozi ya paa wa theluji, akamketisha.

"Kaa hapa, mzee. Nitangulie nikaone kama theluji imekaa."

"Usiukaribie sana. Nyayo zako zitaniharibia picha."

"Nimekusikia."

Juu, mwanga wa adhuhuri, wa jua la kaskazini linalochomoza kidogo tu na kutua mapema, ulikuwa wa waridi, na msonobari ulisimama mweupe, mnene, haujaguswa. Vieno alitokwa na machozi kwa uzuri wake. Akatoa kamera yake kifuani, alikoificha isipoe, akapiga picha moja. Kisha akainua fimbo. Alicharaza upande mmoja, akazunguka, akacharaza mwingine, mpaka mikono ikamuuma. Moyo wake ulifurahi, wala hakuona haya.

Alirudi kumchukua. Aulis alifika, akasimamisha kamera kwenye kiegemeo chake cha miguu mitatu, akainama, akainuka, akainama tena.

"Vieno, mbona naona weusi?"

"Kwa sababu ni mweusi. Nimeupukutisha."

Mzee aliiachia kamera.

"Ulijua mwaka huu ni wa mwisho."

"Nilijua. Ndiyo maana sikusubiri mwakani."

Aulis alikaa chini kwenye theluji aliyoiangusha mkewe. Alilia kama watoto wanavyolia, bila kujificha. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini uliupiga picha kwanza?"

"Niliupiga."

"Umetoka vizuri?"

"Vizuri kuliko zako zote."

"Nionyeshe, mama. Nisogezee karibu na jicho la kulia, bado linaona kidogo."

Vieno aliitazama picha ile peke yake, kwa muda mrefu. Kisha akaizima kamera, akairudisha kifuani, akafunga vifungo vya koti.

"Betri huisha upesi kwenye baridi," alisema. "Inuka, twende. Giza linaingia."

Akampa mkanda ashike.