Kiti cha Wageni

Kwa miaka kumi na tisa, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, Mama Odessa Tidwell aliwapima watu presha katika ukumbi wa chini wa kanisa, mjini Macon, Marekani. Muda wote huo hakuna aliyemwona amekaa kwenye kile kiti cha kupimiwa. Ndiyo desturi ya chama chao cha akina mama wauguzi wa kanisa, wote wavaao magauni meupe: mwenye gauni jeupe hakai mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Na wageni hawakuwahi kwisha kabla mlango haujafungwa.

Verlene, mwanachama mdogo kuliko wote, aliyehitimu uuguzi mwaka ule, aliiheshimu desturi hiyo. Lakini asubuhi ile alimwona Mama Odessa akidondosha kalamu mara mbili, na mara ya tatu vidole vikakataa kuishika.

"Umekula nini, Mzee Cleophus?" Mama Odessa alimuuliza mgeni aliyekaa.

"Mboga za majani tu, Mama."

"Zilizochemshwa na mguu mzima wa nguruwe?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Verlene hakucheka. Neno la mwisho lilikuwa limetoka zito, limelegea.

Verlene alikuwa mtu wa soni. Hata kwenye mikutano aliinua mkono nusu. Akasogea, akanong'ona, "Mama, naomba nikupime."

"Tazama foleni ile, mwanangu. Wakiisha."

"Hawajawahi kuisha, Mama."

"Basi ndiyo maana tupo hapa."

Verlene alijua kiharusi hakingoji foleni. Alijua pia kwamba akipaza sauti, mama huyu aliyemfundisha kila kitu huenda asimsamehe. Akawageukia watu. "Samahani, wageni wetu. Nawaomba mumpishe mgonjwa."

Mzee Cleophus akainuka, akakivuta kiti. "Kaa, Odessa. Miaka yote unanikemea wewe tu."

Mama Odessa akakaa, macho chini, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Verlene akamfunga mkanda wa mashine mkononi. Pale namba za presha hazikutamkwa mbele za watu hata siku moja. Akaziandika kwenye kadi, akamwonyesha. Mia mbili na kumi na nne kwa mia moja na ishirini na mbili.

"Umeniaibisha," Mama Odessa alisema polepole.

"Najua, Mama."

"Haya. Piga simu."

Gari la wagonjwa lilipofika, mhudumu aliuliza dalili zilianza lini. Verlene akamwambia. "Mmewahi," yule mtu akasema, kisha wakambeba Mama Odessa, naye hakugeuka kumtazama Verlene.

Wanachama wengine walibaki wamesimama ukutani, magauni meupe matupu. Hakuna aliyemwita mgeni mwingine. Mwishowe Bi Lucinda, katibu wao, mwenye miaka sitini na sita, akakiendea kiti kile kana kwamba ni kizimba cha mahakama. Akakaa. Akapandisha mkono wa gauni, akamnyooshea Verlene mkono.

Wageni wakasubiri.