Kilo Tisini na Moja za Mwalimu Tusekile

1.

KADI YA MGONJWA
Jina: Tusekile Mwakalinga. Umri: 38. Mwalimu wa shule ya msingi, Tukuyu.
Malalamiko: uchovu, baridi, nywele kukatika, kunenepa.
Kipimo: uzito. Kilo 79.
Ushauri: apunguze kula.

2.

Nilimwambia, "Daktari, nakula kidogo kuliko binti yangu wa darasa la tatu."

Daktari Kibasa hakuinua macho. "Wote mnasema hivyo, mama."

Wote.

Wote akina nani?

3.

Chumba cha walimu. Mimi nimesimama nje ya mlango, hawajaniona.

"Kiti cha Tusekile siku hizi kinalia chenyewe."
"Mumewe anamlisha, shoga."
"Na ile sauti! Kama babu mwenye mafua."

Nikaingia. Mmoja akanikaribisha andazi.

4.

(Mumewe, Gwakisa, anasema.)

Alikuwa anavaa sweta mbili, jua linawaka. Alisinzia akisahihisha madaftari, kalamu nyekundu ikaburuza mstari mrefu juu ya hesabu za mtoto wa watu. Na mimi, badala ya kuuliza, nikaanza kumpimia ugali. Mke wangu. Kwa kikombe cha chai.

5.

TANGAZO
UNENE NI UZEMBE. TEMBEA. ACHA MAFUTA.
WAGONJWA WASIBISHANE NA WATOA HUDUMA.

Nilitembea. Mafuta niliacha. Kubishana pia niliacha, na hilo ndilo ninalojutia.

6.

Kadi, mwaka wa pili. Kilo 86. Apunguze kula.

Kadi, mwaka wa tatu. Kilo 91. Mgonjwa hafuati ushauri.

Hafuati.

7.

Wewe unayesoma: ulipoona kilo tisini na moja, ulinifikiria nikila nini? Sema ukweli. Chipsi?

8.

Kibasa alikwenda likizo. Nafasi yake akaishika tabibu mgeni, dada mmoja anaitwa Ambwene. Aliweka vidole shingoni kwangu.

"Meza mate, Mwalimu. Tena. Nani amewahi kukushika hapa?"

"Hakuna."

"Miaka yote mitatu?"

Akanitoa damu, ikapelekwa Mbeya. Majibu yaliporudi alivuta kiti karibu.

"Kinga ya mwili wako imeigeukia tezi ya shingo. Inaishambulia kama adui. Tezi imevimba polepole, imechoka, haitoi homoni ya kutosha. Ndiyo hiyo baridi. Ndiyo hiyo sauti. Utameza kidonge kila asubuhi kabla ya kula."

"Na unene?"

"Nisikudanganye. Si kilo zote ni za tezi. Nyingine zitabaki."

Nililia. Si kwa huzuni.

9.

Nakubali, nyingine ni zangu. Lakini sikia, Kibasa: hata kama kila kilo ingekuwa ya ubwabwa, bado nilikuwa mgonjwa mbele yako. Bado nilikuwa na shingo. Ulikuwa na mikono miwili, ukaitumia yote kuandika sentensi moja.

10.

Kibasa amerudi kazini. Nami nikarudi, bila miadi.

Kwenye benchi amekaa mama mmoja mnene, muuza ndizi wa Kiwira, macho yamevimba.

"Umeambiwaje, mama?"

"Eti nipunguze kula." Akacheka kidogo, kile kicheko cha kuomba radhi. Nakijua. "Labda ni kweli."

"Wamekupima nini?"

"Mizani."

Nikamshika mkono. Hodi hatukupiga.

"Mwalimu, toka nje!" Kibasa akasema.

Nikamwekea majibu ya damu mezani. "Soma."

Akasoma. Akarudia.

"Mimi sikukuja kuombwa msamaha," nikamwambia. "Huyu mama yuko mbele yako. Mshike shingo."

"Kuna utaratibu—"

"Mshike!"

Foleni nzima imejazana mlangoni sasa, wanawake kwa wanaume. Mama wa Kiwira amelegeza mtandio wake, ameinua kidevu, anasubiri.

Kibasa ameweka kalamu chini. Mkono wake umenyooka kuelekea shingoni kwa mama.