Udhuru wa Mwalimu Fabiani

Kwa mamlaka makubwa niliyonayo, nawatangazia wananchi wote wa Rukwa, kuanzia Malangali mpaka Wampembe, kwamba Baraza la Wakufunzi la chuo cha ualimu kilicho jirani na kwetu limepata mwenyekiti mpya, shupavu na mwenye maono: Mwalimu Hilaria, ambaye ni mama yangu mzazi.

Mamlaka hayo nilijipa mwenyewe nikiwa nimeinamia beseni, nafua soksi. Na huyo mwenyekiti shupavu alichaguliwa akiwa ametoka nje kupokea simu. Aliporudi ndani alikuta wenzake wanampigia makofi, naye akapiga, kabla hajajua anampigia nani.

Mtangulizi wake, Mwalimu Christopha, alijiuzulu kwa ushauri wa daktari. Presha. Chanzo cha presha kilikuwa ajenda namba mbili.

Nieleze. Kikao cha Baraza hufunguliwa kwa sala, kisha wajumbe huthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Usipothibitishwa, hakuna kwenda mbele. Sasa, muhtasari wa Juni mwaka juzi ulisema kwamba Mwalimu Fabiani wa Hisabati hakuhudhuria, bila taarifa. Mwalimu Fabiani akasema taarifa alitoa. Wakamwuliza barua iko wapi. Akasema si kila taarifa ni barua. Mwalimu Valerian, ambaye huitembeza katiba ya Baraza kwapani kama wengine wanavyotembeza mwavuli, akasema katiba inataka barua. Kwa miaka miwili vikao sita vilifunguliwa kwa sala, vikafika hapo, vikafungwa kwa sala.

Mimi, Salome, wa kidato cha tatu, nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni kwa likizo ya Juni. Jumatatu moja mama aliingia jikoni na barua mkononi, akakaa bila kuvua koti. Mkuu wa chuo alikuwa ameandika kwamba mahindi ya shamba la chuo yamestawi mno, ghala limejaa, na magunia mia tatu yaliyobaki yatawekwa maktaba mpaka bei ipande. Baraza litoe maoni kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Likikaa kimya, ni kwamba limekubali.

Maktaba ile mama ndiye aliyeikusanya, kitabu kwa kitabu, kwa miaka kumi na tisa. Vingine aliviomba kwa mapadri, vingine kwa wastaafu, kimoja alimnyang'anya mtu aliyekuwa anakichana kufungia karanga. Alijua panya wa Ufipa wanavyofuata mahindi, na alijua kwamba wakimaliza mahindi watasoma.

Kwa hiyo alijiandaa kuongoza kikao cha Jumatano kama jemadari. Alimpigia simu kila mjumbe. Aligawa ajenda mapema. Alitangaza kwamba kila mtu atasema dakika mbili, na akabeba saa ya jikoni ya kupimia mayai. Alifanya mazoezi mbele yangu na mbele ya kuku wetu, akisema, "Ndugu wajumbe, tuheshimu muda." Kuku walielewa. Nilipomwuliza atamfanyaje Mwalimu Fabiani, alisema atakuwa na msimamo, kwa sauti ya mtu asiye nao.

Katibu wa Baraza, Mwalimu Jovina, alikuwa likizo ya uzazi, hivyo mama aliniazima niwe kaimu na kunikabidhi mafaili yote. Taifa likikukabidhi mafaili, haifai kulala tu. Nilichukua karatasi, nikaandika barua ya udhuru kutoka kwa Mwalimu Fabiani, tarehe ya mwaka juzi, kwa muundo ninaoujua vizuri kuliko mingine yote. Sahihi yake ilikuwa duara lenye mkia, mtoto wa chekechea angeiweza. Nikaipaka chai ya rangi, nikaianika nyuma ya jiko mpaka ikazeeka, nikaichomeka kwenye faili.

Sababu ya udhuru niliifikiria kwa makini. Mwalimu Fabiani ana miaka hamsini na saba. Nikaona bibi yake atakuwa ameshafariki hata bila msaada wangu. Nikaandika kwamba amefiwa na bibi.

Jumatano, ajenda namba mbili ilipotajwa, Mwalimu Fabiani akanyosha mkono kama kawaida. Mama akafungua faili ili amwonyeshe kwamba hakuna kitu. Kitu kikadondoka. Akakisoma kwa sauti mpaka alipofika kwenye kifo cha bibi, akasita, akaomba wajumbe wasimame dakika moja kwa heshima ya marehemu. Walisimama wote kumi na wawili. Saa ya mayai ilipima. Mwalimu Fabiani alifungua mdomo, akawatazama wenzake walioinamisha vichwa, akaufunga. Baada ya hapo muhtasari ulithibitishwa, na Baraza likakataa mahindi maktaba kwa kauli moja. Mama alikuwa aking'aa. Niliandika kumbukumbu kwa mwandiko mzuri sana.

Kisha Mwalimu Valerian akafunua katiba. Kifungu cha kumi na nne kinasema mjumbe akifiwa, Baraza litakwenda kumpa pole nyumbani. Na Baraza halikwenda, kwa kuwa barua ilipotea. Hiyo ni aibu.

Mwalimu Fabiani alianza kujitetea. Alisema msiba umeshaisha, ni mbali, ni Laela, upepo wa Juni ni mkali, wao si watu wa makuu. Kila alichosema kilizidi kuwahuzunisha wenzake. Mama, ambaye sasa alikuwa ameonja uongozi, aliamua safari iwe kesho yake, Alhamisi, kwa Kosta, basi dogo la chuo.

Tuliondoka saa nane mchana na sukari, unga na mchele. Akina mama walijifunga kanga. Nyuma walifanya mazoezi ya wimbo wa maombolezo sauti nne, besi ikatusumbua mpaka tunakaribia Laela. Mwalimu Fabiani alikaa kiti cha mbele, anatokwa jasho ndani ya sweta mbili, na mimi nyuma yake nikijiambia kwamba huzuni ina namna nyingi.

Uani kwake tulimkuta bibi mmoja mkongwe, mdogo kama debe, anapukuchua mahindi. Wakufunzi wakaingia taratibu wakiimba. Bibi akatutazama, akatupa gunzi, akajitanda kanga kichwani, akalia pamoja nasi kwa nguvu zake zote, maana watu wakija kwako wanalia, unalia kwanza. Tulilia vizuri. Wimbo ulipoisha alijifuta machozi, akamshika mkono Mwalimu Fabiani na kumwuliza polepole, "Mjukuu wangu, nani amekufa?"

Mwalimu Valerian akakohoa.

"Mwenyekiti," alisema, "marehemu anatutazama."

Kisha akaeleza, kwa masikitiko, kwamba barua ikiwa ya uongo, muhtasari haujathibitishwa, na usipothibitishwa, kila kilichoamuliwa baada yake kimeanguka. Kesho saa sita magunia yanaingia. Wote wakamgeukia Mwalimu Fabiani kama mtu aliyemuua bibi yake kwa ajili ya mahudhurio.

Mama akageuza ndoo, akaikalia, akawahesabu wajumbe kwa kidole na kusema akidi imetimia, kikao kimefunguliwa. Hakuitoa saa ya mayai.

"Mwalimu Fabiani," akasema, "siku ile ulikuwa wapi?"

Mwalimu Fabiani alimtazama kama aliyeulizwa kwa lugha ngeni. Kwa miaka miwili walikuwa wamemwuliza barua iko wapi.

"Nilikuwa hapa," akasema. "Upepo uling'oa bati za bibi. Nilimwambia Mwalimu Christopha getini, akaitikia huku anapiga kiki pikipiki."

"Na barua hii?"

"Sikuiandika, mama. Nilitaka kusema. Lakini mlikuwa mmesimama kwa ajili yangu, na mimi sijawahi kusimamiwa."

Watu wakainua macho. Nusu ya paa ilikuwa na kutu, nusu iling'aa. Mama akapendekeza muhtasari usomeke kwamba hakuhudhuria, na taarifa alitoa kwa mdomo. Mikono kumi na miwili ikanyoshwa, na wa bibi ukawa wa kumi na tatu. Mahindi yakakataliwa upya. Ilichukua dakika nne.

Nikaanza kufunga daftari. Mwalimu Valerian akasema bado. Mkuu wa chuo akisikia kwamba faili la Baraza lina barua ya kughushi, na kumbukumbu hazisemi ilitoka wapi, atatupa yote kapuni, na maktaba itakwenda na maji.

"Basi tuko kwenye mengineyo," mama akasema.

Akaitoa barua na kuisoma kuanzia pale alipokomea jana. Ilisema kwamba Mwalimu Fabiani, mtu wa miaka hamsini na saba, anaahidi kurejea bwenini kwa wakati akiwa na sare safi, na kufidia maandalizi ya jioni atakayoyakosa. Mama ni mwalimu. Hakuinua sauti. Aliinusa karatasi, akageuza kichwa polepole kunitazama, na Baraza zima likageuka naye.

"Kaimu katibu," akasema, "una la kuwaambia wajumbe?"

Nilifikiria kusema kwamba nami nimefiwa. Halafu nikamwona bibi amekaa anasubiri, na Mwalimu Fabiani ameinamisha kichwa kana kwamba kosa bado ni lake. Nikasimama, nikaweka mikono nyuma.

"Ndugu Mwenyekiti, ndugu wajumbe," nikasema, "barua niliiandika mimi. Chai ni ya kwetu. Mwalimu Fabiani hahusiki, na bibi nilimuua peke yangu. Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akajibu bibi.

"Andika," mama akasema, na nikayaandika yote, pamoja na jina langu.