Sauti ya Shangazi kwenye Spika Moja

Siku kumi baada ya kupasuliwa koo, shangazi yangu alikuwa bado hajaruhusiwa kusema. Daktari hakuahidi kwamba angeimba tena. Wimbo tuliorekodi kabla hajalazwa ndio uliokuwa umebaki, na kuchanganya sauti na ala zake ilikuwa kazi yangu.

Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa kujaribu, nikiandika daftarini kila nilichogusa. Wimbo wake niliusikiliza mara tatu kwa spika mbili za chumbani, mara mbili kwa hedifoni. Sauti yake ilitanda ukuta hadi ukuta. Nikaridhika, nikautuma kwenye simu ya baba.

Tulipofika wodini, baba aliiweka simu juu ya mto, karibu na sikio la dada yake.

"Haya dada, jisikilize."

Gitaa likaanza. Ngoma zikaingia. Nikangoja neno lake la kwanza.

Halikuja.

Nilidhani simu imekwama, lakini gitaa liliendelea vizuri tu. Kiitikio kikafika, waitikiaji wakaitika, na waliyekuwa wakimwitikia hayupo. Kwa mbali nilisikia mwangwi mwembamba, kama mtu anaimba ndani ya kisima kilichofunikwa.

"Mwanangu," baba alisema polepole, "harusi naiona. Bibi harusi umempeleka wapi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka, kisha akamwona shangazi, akanyamaza.

Shangazi alikuwa amekodoa macho. Alivuta kidaftari alichokuwa akiandikia badala ya kusema, akaandika maneno mawili, akanigeuzia: *Niko wapi?*

Nilirudia kichwani hatua zangu moja moja, hadi nikafika pale nilipokosea. Ili sauti itande, nilitengeneza nakala mbili zake: moja spika ya kushoto, nyingine ya kulia. Ile ya kulia nikageuza mawimbi yake juu chini, palipo na mlima pakawa bonde. Ujanja huo niliugundua mwenyewe, nikajisifu. Zikiwa spika mbili, sauti hujaza chumba. Lakini simu ya baba ina spika moja, nayo hujumlisha pande zote. Mlima ukafukia bonde, pakabaki tambarare. Mara tano nilisikiliza, na hata mara moja sikujaribu kwa spika moja.

"Shangazi, upo," nilisema. "Mimi ndiye niliyekufuta. Subiri."

Nilichomeka hedifoni kwenye simu, nikampachika upande mmoja tu, sikio la kushoto, penye nakala moja peke yake. Nikaanza wimbo upya.

Gitaa. Ngoma. Kisha nikaona mabega yake yanashuka. Machozi yakamtoka, midomo ikaanza kufuata maneno.

"Mama, midomo!" muuguzi alimkemea kutoka mlangoni. "Koo hilo!"

Akafumba kinywa, lakini hakuitoa hedifoni. Wimbo ulipoisha akaurudisha mwanzo yeye mwenyewe, akausikiliza wote tena. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, asitake tumwone uso.

Baadaye, nilipokwisha kuwaeleza nilivyoigawa sauti yake kushoto na kulia, shangazi akachukua kalamu. Aliandika kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

*Majirani zangu wote wanasikilizia simu. Nenda ukaniweke katikati. Na ubeti wa pili nimechelewa kuingia, usinirekebishe.*

Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka mbio.